Msiniandikie "Alivumilia kwa Ujasiri"

Tangazo la kifo cha shosho yangu niliandika mimi. Familia iliniachia kazi hiyo kwa sababu eti mimi ndiye mtu wa maneno, na kwa sababu wakubwa walikuwa wanakimbizana na bili ya hospitali na gari la kubeba maiti. Saa nne usiku nikafungua laptopu, nikaandika kile ambacho kila Mkenya huandika: ametuacha baada ya kuugua kwa muda mrefu, ugonjwa aliouvumilia kwa ujasiri. Likatoka gazetini na picha yake akiwa amejifunga kitambaa cha buluu. Watu wakanitumia jumbe, ati nimemwandikia vizuri.

Niliandika uongo. Shosho hakuvumilia kwa ujasiri. Alilia. Alilia usiku kucha mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akaomba ahamishwe. Aling'ata shuka. Asubuhi moja alinishika mkono, na kwa ile sauti yake iliyokuwa imebaki kama karatasi ikikunjwa, akaniambia, "Mume wangu, niombee niende." Aliniita mume wake kwa sababu nina jina la babu; ndivyo ilivyo kwetu. Na mimi, mtu wa maneno, nikamjibu, "Usiseme hivyo, shosho. Utapona."

Tangu hapo nasoma kurasa za matangazo ya vifo kama watu wengine wanavyosoma matokeo ya mpira. Wote walikuwa majasiri. Hakuna hata mmoja aliyekufa akipiga kelele. Hakuna aliyekufa akiomba dawa akaambiwa asubiri daktari wa zamu. Taifa zima la mashujaa, kurasa nne kila siku, na picha za rangi. Hapa Kenya neno kuvumilia ni kama limeajiriwa na serikali. Tunavumilia bei ya unga, tunavumilia foleni, tunavumilia mgomo, na siku ya mwisho, mtu akiwa na uvimbe kooni usiomruhusu kumeza hata mate yake, tunamwambia: vumilia kidogo tu.

Ninachotaka kusema ni hiki. Hatuwaachi wapendwa wetu wafe kama watu. Tunawaficha ukweli, tunawanyima dawa ya maumivu, kisha tunauza shamba lao kununulia siku chache za mashine ambayo hawakuiomba, na haya yote tunayaita upendo. Mimi nilikuwa mmoja wa waliofanya hivyo. Kwa hiyo nikitukana hapa chini, ujue najitukana pia.

Shosho aliishi Njoro na alikuwa na miaka 78. Kwanza ugali ulianza kumkwama. Kisha githeri. Kisha ikawa hata chai lazima ishuke polepole, huku amejishika kifua. Saratani ya umio haina haraka ya kujitangaza: umio hutanuka, kwa hiyo mtu huanza kulalamika wakati uvimbe tayari umeziba sehemu kubwa ya njia. Ni ugonjwa unaojulikana vizuri upande wa Bonde la Ufa. Kule Bomet, Hospitali ya Tenwek imekuwa ikiwawekea wagonjwa kimrija ndani ya umio kwa miaka mingi. Hakiponyi, lakini mtu anaweza kunywa uji wake akiwa amekaa mezani na wenzake. Hayo niliyajua baadaye. Mambo mengi katika hadithi hii niliyajua baadaye.

Majibu ya vipimo yalipotoka, daktari alimwambia shosho asubiri, akatoka nje ya chumba na kufunga mlango. Pale kwenye korido akawaambia baba na amu wawili kwamba ni kansa, imesambaa, na hakuna upasuaji. Nataka uione hiyo picha. Mwenye mwili yuko ndani, amekaa na mkoba wake magotini. Habari za mwili wake zinatolewa nje kwa wanaume watatu. Waliporudi ndani walikuwa wamekubaliana: ni vidonda vya koo.

Jioni ile likaundwa kundi la WhatsApp, "Shosho Apone". Nikafanywa admini. Ujumbe wa kwanza kabisa, kutoka kwa amu mkubwa, ulikuwa maneno mawili: "Msimwambie kamwe."

Kwani nani alidanganyika? Mwanamke aliyezika mume na watoto wawili, aliyeona jirani yake akifa kwa ugonjwa huohuo, unamwambia vidonda vya koo? Sista mmoja alinisimulia baadaye kwamba shosho alimuuliza, "Hii si ile ya kuziba?" naye akamjibu, "Shosho, uliza vijana wako." Hakutuuliza. Alituona tulivyokuwa tunahangaika kuigiza, akaamua kutusaidia kuigiza. Sisi tulikuwa tunamlinda, yeye alikuwa anatulinda, na usiku taa zikizimwa hakuwa na mtu wa kuongea naye.

Sasa kuna daftari. Shosho alikuwa mwekahazina wa chama cha akina mama kwa miaka 19. Wanachama 22, mikopo, riba, faini za kuchelewa. Yote aliyaandika kwenye daftari la karatasi ngumu kwa alama zake mwenyewe: nyota, duara, mstari mmoja, mistari miwili. Alisoma hadi darasa la tatu na hesabu zake hazikuwahi kupotea hata shilingi. Akiwa wodini aliomba daftari mara tatu. Mara ya kwanza kwa shangazi, mara ya pili kwangu, mara ya tatu kwa mtu yeyote aliyekuwa karibu. Kila mara tulimjibu vilevile: "Wacha upone kwanza, utalishika mwenyewe." Tungeleta daftari tungekuwa tumekiri. Kumletea mtu daftari akabidhi ni kumwambia anaondoka.

Hakulishika. Baada ya mazishi, akina mama wakakaa na lile daftari, jumamosi baada ya jumamosi. Mmoja anasema alishalipa 15,000. Mwingine anasema nyota maana yake ni deni. Wengine walianza kunong'ona kwamba pesa zilikuliwa, na unajua zikiliwa zilikuwa mikononi mwa nani. Kuna wanawake wawili waliokaa benchi moja kanisani kwa miaka 20 ambao hadi leo hawasalimiani. Dakika 40 tu zingetosha. Mjukuu mmoja na kalamu: "Shosho, hii nyota ni nini?" Ukurasa wa mwisho una jina langu, limeandikwa kwa penseli na duara pembeni. Sijui kama nadaiwa au nadai.

Kwa hiyo mtu akiniambia tulimficha "ili asivunjike moyo", namuuliza: moyo wa nani?

Kuna mwanamke mmoja Mwingereza, Cicely Saunders, aliyeanza kama muuguzi, akawa mhudumu wa ustawi wa jamii, kisha akasomea udaktari kwa ajili ya jambo moja tu: watu wanaokufa. Mwaka 1967 alifungua hospisi ya St Christopher's kule London. Mafunzo yake makubwa ni kwamba maumivu ya anayekufa hayakai mahali pamoja. Yako mwilini, yako akilini, yako kwenye mambo ya familia na pesa, yako rohoni, na ukitibu moja ukaacha mengine hujatibu. Nikisoma hayo namwona shosho. Daftari lilikuwa sehemu ya maumivu yake, na lile halikuhitaji daktari bingwa wala dipoziti.

Lakini twende kwenye maumivu ya mwili, maana hapo ndipo ninapokasirika zaidi.

Wodini alipewa dripu ya paracetamol. Baadaye sindano fulani iliyomlaza saa mbili. Siku ambayo aling'ata shuka, binamu yangu anayesomea uuguzi alimuuliza daktari mdogo wa zamu kuhusu mofini. Akajibu, "Bado hatujafika huko." Amu mkubwa naye akadakia, "Hiyo si ni ya watu wanaokufa?" Nilikuwa nimesimama hapo. Nikanyamaza. Mama anayekufa alikuwa mita moja kutoka tulipo, na sisi tulikuwa tunajadiliana kama amefika huko.

Mofini si uchawi na si kitu kipya. Imejulikana kwa zaidi ya miaka 200. Shirika la Afya Duniani lilipotoa orodha yake ya kwanza ya dawa muhimu mwaka 1977, ilikuwemo. Mwaka 1986 shirika hilohilo likaeleza hatua kwa hatua namna ya kuitumia kwa wagonjwa wa saratani: kwa mdomo ikiwezekana, kwa saa maalum bila kusubiri mtu apige kelele, na kwa kipimo kinachopandishwa kulingana na maumivu. Ya maji hutengenezwa kwa kuchanganya unga wa dawa na maji, na hutiwa rangi ili chupa za nguvu tofauti zisichanganywe. Hakuna kiwanda cha ajabu hapo. Asiyeweza kumeza hudungwa sindano ndogo chini ya ngozi. Anaweza kuipata nyumbani, kwenye kitanda chake, akisikia ng'ombe wake nje.

Watu husema: atakuwa mraibu. Tuongee kama watu wazima. Mwili kuizoea dawa si sawa na uraibu, na mgonjwa wa saratani anayepewa kipimo chake kwa utaratibu hatafuti starehe, anatafuta usingizi. Tatizo atakalokuwa nalo kwa hakika ni choo kigumu, na hilo lina dawa. Ndiyo, Marekani dawa za jamii hii zilimwagwa sokoni kiholela na zikaua watu wengi. Ile ni hadithi ya kampuni na tamaa, na inastahili hasira yake. Lakini shosho alikuwa amebakiwa na wiki sita. Hata angekuwa mraibu, angekuwa mraibu kwa wiki sita. Nani angemkuta mtaani?

Na usiniambie ni umaskini. Mwaka 1990 ilianzishwa Nairobi Hospice, na mmoja wa madaktari wake wa mwanzo alikuwa Anne Merriman, mzaliwa wa Liverpool. Kazi ya mofini ya maji aliifanya hapa, kwetu. Mwaka 1993 akavuka mpaka akaanzisha Hospice Africa Uganda kule Kampala. Uganda waliona kitu ambacho sisi hatukutaka kukiona: madaktari ni wachache, na maumivu hayasubiri daktari. Kwa hiyo mwaka 2004 wakabadilisha sheria, na wauguzi na maafisa wa kliniki waliopata mafunzo maalum wakaruhusiwa kuandika mofini. Uganda si tajiri kutushinda. Waliamua tu.

Sisi je? Mwaka 2010 shirika la Human Rights Watch lilichapisha ripoti kuhusu watoto wa Kenya wanaokufa kwa maumivu, na humo likasema mofini ya kumeza ilipatikana katika hospitali saba tu za umma, kati ya takriban 250. Saba. Tangu wakati huo vitengo vimefunguliwa katika hospitali kadhaa za kaunti, na wale wauguzi wanaoviendesha, mara nyingi mtu mmoja na kabati moja, nawapa heko kwa mikono miwili. Dunia yenyewe haitusaidii. Tume ya jarida la Lancet ilipiga hesabu mwaka 2017: katika tani 298.5 za dawa za jamii ya mofini zilizokuwa zikisambazwa ulimwenguni kwa mwaka, nchi zenye kipato cha chini kabisa zilipata tani 0.1. Sehemu moja kati ya karibu elfu tatu. Haya si mambo ya kuvumilia.

Kuna jambo moja linalonirudia nikiwa kwenye matatu ya kwenda nyumbani. Watanzania wana jina zuri la huduma hii, tiba shufaa. Nakuru kuna hospisi inayoitoa. Kutoka kwa shosho hadi Nakuru ni kama kilomita 20. Tulipomtoa Njoro kumpeleka Nairobi, kwenye hospitali kubwa yenye mashine, ambulensi ilipita Nakuru. Nilikuwa mbele na dereva. Tulipita tu.

Nairobi walimwanzishia dawa za kansa akiwa na kilo 38. Sijui nani alidhani ni wazo zuri. Hatukuuliza, na hatukuambiwa. Siku ya kumi na moja mate yakaingia mapafuni. Usiku huo simu ya amu ikalia, na daktari akamuuliza swali ambalo nadhani huulizwa katika kila familia yenye uwezo wa kuchangisha: "Mnataka tufanye kila kitu?"

Hebu lisikilize vizuri hilo swali. Ni mtego, hata kama anayeuliza hana nia mbaya. Ukikataa "kila kitu", umechagua nini? Hakuna kitu? Mtoto gani atasema saa nane usiku kwamba mama yake asifanyiwe kitu? Hakuna aliyesema kuna njia ya tatu: asiwekwe mashine, apewe mofini ili asihisi anakabwa, aondolewe kelele, muingie mkae naye. Hicho pia ni kitu. Ni kazi, ina ujuzi wake na zamu zake. Amu akasema, "Fanyeni kila kitu." Kundi zima likaandika Amina. Mimi niliweka ile mikono iliyokunjwa.

Siku tisa ICU. Mrija kooni, palepale kwenye ule uvimbe. Mikono yote miwili ilifungwa kitandani kwa bendeji ili asiung'oe; ndivyo wanavyofanya, na nikaelezwa kwa upole kabisa kwamba ni kwa usalama wake. Tuliruhusiwa kuingia wawili wawili, nusu saa. Alikuwa akifungua macho. Mwanamke aliyeongea tangu alfajiri, aliyeimba akikamua, alikufa bila kuweza kusema neno, na neno la mwisho nililomsikia akisema kabla ya mashine ni "daftari".

Huko nje sisi tulikuwa na shughuli. Harambee ilifanywa kwenye ukumbi wa hoteli, amu na maikrofoni, wageni wa heshima wakitangaza michango yao mara mbili ili isikike. Mtu akitoa elfu hamsini anapigiwa makofi ya kilo. Nilikuwa natuma orodha ya waliochanga kwenye kundi kila jioni, na nakiri kulikuwa na raha fulani kuona namba ikipanda. Tulijiona wazuri. Bili ilifika 1,640,000. Harambee haikutosha, kwa hiyo nusu ekari ikauzwa, kile kipande cha viazi karibu na barabara. Kilikuwa chake. Hakuulizwa. Mwili ulizuiwa siku sita mpaka tulipomaliza kulipa.

Najua kuna msomaji anasema: una bahati, familia yenu ilikuwa na cha kuuza. Kweli kabisa. Wakenya wengi hawafi ICU. Wanafia nyumbani kwenye godoro, na panadol za dukani, huku binti aliyeacha kazi Nairobi akiwafuta jasho bila mtu wa kumwelekeza. Lakini angalia vizuri, ni kosa lilelile. Mwenye pesa anauziwa mashine, asiye nayo anaambiwa hakuna la kufanya, rudi nyumbani. Wote wawili wanakosa chupa ileile.

Kuna pingamizi ninazoziheshimu na kuna ambazo siziheshimu. "Mungu ndiye mpangaji" siiheshimu ikitoka kwa mtu aliyesimama kando ya mashine ya kupumulia. Kama ni Mungu tu, mashine ya nini? "Utamaduni wetu hauruhusu kutaja kifo" pia inanishinda. Utamaduni upi? Wazee wengi walikuwa wakiita watoto wakikaribia kuondoka, wanagawa, wanabariki, wengine wanalaani kabisa. Sisemi zamani kulikuwa peponi. Kuna jamii zilizomtoa mgonjwa nje afie kichakani, na yangu ilikuwa mojawapo. Lakini kumzunguka mtu kwa vicheko vya uongo mpaka azimike ni uvumbuzi wetu wenyewe. Jirani yangu wa South C, Mwislamu, nilipomsimulia alishangaa kweli: mtu atatoaje wasia, ataombaje radhi kwa watu, kama hajui anaondoka? Sikuwa na jibu.

Ile ninayoiheshimu ni ya shangazi. Alisema, "Ungemwambia angekata tamaa, angekufa mapema." Ni hofu ya kweli. Lakini imepimwa. Mwaka 2010 madaktari wa Massachusetts General Hospital kule Boston walichapisha utafiti kuhusu wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu iliyosambaa. Nusu yao walipewa tiba shufaa mapema, pamoja na matibabu ya kawaida: mtu wa kuwatuliza maumivu na kuongea nao waziwazi kuhusu hali yao na wanachotaka. Nusu nyingine matibabu ya kawaida pekee. Wale waliotulizwa walikuwa na huzuni kidogo zaidi, walipewa matibabu makali machache zaidi mwishoni, na waliishi karibu miezi mitatu zaidi. Zaidi, shangazi. Sikumwambia hivyo kwa sauti hiyo. Ni mama yangu mdogo na yeye ndiye aliyemfulia shosho shuka zile.

Wala siombi mtu auawe. Kila ukitaja jambo hili kuna mtu atauliza kama unataka sindano ya kumaliza wazee. Hapana. Nataka sindano ya kumaliza maumivu, na mtu wa kusema ukweli.

Na ukweli si hisani. Sheria ya Afya ya mwaka 2017, kifungu cha 8, inamtaka mhudumu wa afya amweleze mgonjwa mwenyewe hali yake, isipokuwa kuna ushahidi wa kutosha kwamba kujua kutamdhuru, na amweleze pia kwamba ana haki ya kukataa matibabu. Mgonjwa. Haikuandikwa "wanaume watatu wa korido". Katiba nayo, ibara ya 57, inataja wazee kuishi kwa heshima. Madaktari, najua mnafanya zamu zisizo na mwisho na mishahara inachelewa, na najua familia zinawatisha. Lakini siku mtakayofunga ule mlango kwa ndani, mkabaki na mgonjwa, nusu ya uongo huu itaisha.

Nusu nyingine ni yetu. Nasema na wewe uliye na miaka 27, unayeishi Roysambu au Kinoo, ambaye simu yako ndiyo itakayolia. Wazazi wetu wanazeeka na wanajifanya hawazeeki. Wewe ndiye utakayekuwa admini wa kundi, wewe ndiye utakayejua kutafuta neno hospisi kwenye intaneti saa nane usiku huku wakubwa wakibishana. Usingoje korido. Uliza sasa, wakati anaweza kukufokea: ungetaka kujua? Ungetaka nani aambiwe? Ungetaka kuwa wapi? Una daftari gani mahali ambalo hatulielewi? Na ukiwa hospitalini, ukiulizwa kuhusu "kila kitu", uliza ni kitu gani hasa, kitamsaidia kufika wapi, na kama ana mofini.

Mimi nilijaribu kwa baba mwezi uliopita. Nilimpigia Jumapili, nikazunguka zunguka, mwishowe nikauliza. Alikasirika. Aliniuliza kama nimeona nini, kama kuna mtu amemroga, kama nataka shamba. Akakata simu. Jumanne jioni akapiga yeye. Hakusalimu.

"Ile ya mrija sitaki," akasema. "Na mniambie mimi kwanza, kabla ya mtu yeyote. Hata mama yako."

"Sawa, baba."

"Nifie hapa."

"Sawa."

Kimya kidogo. Nilisikia redio nyuma yake. Kisha akaniuliza kama ile pesa ya mbolea nimeshatuma.